Volti Nne Zilizopotelea Njiani

Kengele ilikuwa ya mlango, ya zamani, yenye nyundo ndogo inayogonga kikombe cha chuma. Niliitoa kwenye ndoo ya vyuma chakavu ya fundi redio nikaisugua kwa mswaki uliochakaa. Kibanda cha fundi kiko nyuma ya nyumba yetu: unavuka ua, unazunguka ukuta wa bafu, unakata uchochoro, umefika. Si mbali kwa mtu mwenye miguu. Lakini mama alikuwa kitandani mwaka wa pili, upande wake wa kushoto umekufa ganzi, na sauti yake haikufika hata uani.

Fundi alikuwa amenipa kiti. Kwa miezi mingi nilimfagilia kibanda asubuhi, nikabaki nimesimama nyuma yake nikiangalia anavyoyeyusha risasi ya kuungia nyaya, mpaka siku moja akanipa chuma cha kuchomea bila kugeuka. Sasa alisema kuanzia Jumatatu nikae mezani kutwa nzima, la sivyo atafute mtu mwingine, macho yake yamechoka. Mimi shule niliiacha darasa la nne. Sikuwahi kuambiwa kaa hapa, hii ni sehemu yako.

Wifi yangu, mke wa kaka, hakupenda. Yeye hushinda sokoni, na mchana mama ni wangu. Alisema mbele ya mama mwenyewe, huku akikunja nguo:

"Mama si redio, wifi. Huwezi kumwacha mezani ukamrudia ukipata nafasi."

Kaka aliangalia viatu vyake. Siku iliyofuata nilileta kengele na kuwaonyesha. Tukakubaliana: Jumapili mama atabonyeza swichi kitandani, wifi atasimama kibandani. Ikisikika, nitakwenda kazini. Isiposikika, hadithi imekwisha.

Swichi niliitengeneza kwa vipande viwili vya bati la kopo juu ya ubao, mama aweze kuibonyeza kwa mkono wake mzima. Chini ya kitanda niliweka betri nne kubwa za tochi, zimefuatana, jumla volti sita. Waya ulikuwa wa simu, wa vipandevipande. Niliusokota kila ulipokatika na kuupitisha juu ya ukuta. Nilipomaliza, nilimwomba mama abonyeze, nikakimbia kibandani na kupima ncha mbili za waya kwa mita ya mshale, ile ya kupimia umeme. Mshale ulisimama kwenye sita. Nilirudi ndani nikalala usingizi mzito, kitu ambacho sikukizoea.

Jumapili mchana wifi alifika kibandani na kanga yake nzuri. Nilifunga kengele kwenye waya, kaka akapiga kelele kutoka uani kwamba mama anabonyeza. Nyundo ilitikisika. Haikugonga. Ilitoa mlio kama wa inzi ndani ya chupa.

"Kuku wangu ana sauti kuliko hiyo," wifi alisema. Kisha, labda kwa kuniona uso, akaongeza kwamba atapita tena jioni kusikiliza mara ya mwisho.

Nilibaki nimesimama karibu na meza ya fundi. Nilitaka kuuliza, nikajifanya nampangia koleo. Yeye aliendelea kufungua skrubu za redio ya mtu. Zilipoisha zote ndipo akasema nitamke, yeye si mganga. Nikamwambia nilipima nikapata sita kamili.

"Ulipima kengele ikiwa imefungwa kwenye waya?"

Nilitikisa kichwa.

"Basi ulipima waya uliolala, binti. Waya uliolala hausemi kitu. Pima kengele ikiwa inavuta umeme."

Nilifunga kengele, nikagusa kwa mita miguu yake, pale waya unapoingia, mama akabonyeza. Mshale ulipanda mpaka mbili ukakwama. Niliuliza nne zimekwenda wapi. Fundi alisema hazijakwenda popote, zimeliwa njiani, na anayezila lazima aonekane. Niweke mita huku na huku ya kila kiungo, wakati mama amebonyeza. Kiungo kizima mshale hautacheza. Kiungo kibovu kitaonyesha volti kilizoiba.

Nilianzia kitandani. Mama alibonyeza, nikapima cha kwanza, nikamwambia aachie, nikasogea. Kufika kiungo cha tatu alisema kidole gumba chake kimekuwa kibarua, na hakumbuki kuomba kazi. Nikabana swichi kwa kibanio cha nguo. Alifumba macho. Nilijua mkono ule nimeuchosha mimi.

Kiungo cha juu ya ukuta wa bafu, mahali maji huchuruzika, kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Nilipokigusa mshale ulikwenda karibu na nne. Nilikaa pale juu ya ukuta, miguu inaning'inia, jua likinichoma shingo, nikautazama. Sikufurahi. Nilikuwa nimechoka tu, na sasa nilijua kwa nini nyundo haikugonga.

Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika, kwa hiyo chuma cha kuchomea nilikipasha kwenye jiko la mkaa. Nilikwangua waya mpaka ukang'aa, nikavichoma viungo vyote vitano, hata vile vizima. Jioni wifi alirudi. Kengele ililia mpaka fundi akaziba masikio. Wifi aliisikiliza, akasema sawa, na kwamba nisitegemee kukuta wali umeiva nikitoka kazini. Hakucheka, lakini aliondoka polepole.

Jumatatu nilikaa kwenye kiti. Kengele ilikuwa ukutani juu ya kichwa changu. Saa moja ikapita, ya pili ikapita, kengele ikabaki kimya. Nilichoma waya wa spika mahali pasipo pake, fundi akautoa. Saa ya tatu sikuvumilia tena. Nilimwambia nakwenda kutazama betri.

Betri zilikuwa nzima. Swichi ilikuwa chini ya kiganja cha mama. Godoro lilikuwa limelowa, na shuka, na gauni, na alikuwa amelala hivyo kwa muda, maana pembeni pameanza kukauka.

"Mama, haikulia?"

"Nilijua inalia," alisema. "Ndiyo maana sikubonyeza. Siku yako ya kwanza kazini, mwanangu."

Nilimgeuza, nikamwosha, nikabadilisha shuka, nikalisimamisha godoro juani na kumlaza kwenye mkeka. Mgongo uliniuma. Nilitaka kumgombeza. Mwishowe nilimwambia hivi: nisipoisikia kengele kila baada ya muda, nitajua waya umekatika, nitaacha kazi na kuja mbio. Akitaka nikae kule, abonyeze.

"Umekuwa mjanja," alisema, na haikuwa sifa.

Nilirudi. Sikuwa nimekaa sawasawa kengele ikalia, fupi, mara moja. Ndipo nikagundua hatukupanga mlio upi ni wa kusema yupo salama na upi ni wa kuniita. Nilisimama. Nilimtazama fundi, nikitafuta maneno ya kuomba.

"Kiti hicho kina miguu minne na hakijawahi kwenda popote," alisema, akipuliza vumbi kwenye redio. "Nenda urudi."

Nikakata uchochoro tena.