Daktari wa Meno Mlangoni mwa Ndege

Mgonjwa aliyemkimbia daktari hakuwa mtoto. Alikuwa pande la mtu, mabega kama kabati, na alipolala kwenye kile kiti cha kuinamisha, kiti chenyewe kililia. Gego lake la chini lilikuwa limetoboka. Aliingia akisalimia vizuri, akatania hata rangi ya kuta, lakini trei ya vyuma iliposogezwa karibu, vidole vyake viling'ang'ania mikono ya kiti na kijasho chembamba kikamtoka juu ya mdomo.

"Usiogope, haiumi," daktari alimwambia, kama alivyowaambia wagonjwa wote tangu aanze kazi.

"Daktari, naomba nitoke kidogo nipate hewa," yule mtu akasema kwa adabu.

Akatoka. Hakurudi. Kupitia dirishani daktari alimwona akivuka barabara mbiombio, kile kitambaa cha kukinga mate bado kinaning'inia shingoni.

Msaidizi wa daktari alicheka mpaka akashika ukuta. "Unamjua yule? Wanamwita Mwewe. Anafundisha watu kuruka na parachuti kule uwanja wa ndege ndogo. Mtu anajirusha kutoka mawinguni, halafu anakimbia sindano."

Daktari hakucheka. Alibaki ameshika kioo chake kidogo, akitazama mlango.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, aliyekaribia miaka hamsini. Nyumbani alikuwa Mama Pacha, ingawa mapacha wenyewe walikuwa wamekwenda chuoni na nyumba imebaki kimya. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kufungua vitu: pasi, redio, kufuli, apate kuona kilichomo ndani. Lakini jambo moja alikuwa nalo kila siku mezani pake na hajawahi kulifungua. Hofu ya wagonjwa aliichukulia kama mate, kitu cha kufyonzwa pembeni ili kazi iendelee. Sasa alijiuliza: ni kitu gani hiki, kinachomwacha mtu aruke kutoka kwenye ndege halafu kinamshika shati mbele ya sindano?

Jumamosi alikwenda uwanjani, kisingizio chake kikiwa ni kukidai kile kitambaa. Alimkuta Mwewe ndani ya banda la ndege, amepiga magoti juu ya turubai, anakunja parachuti kwa uangalifu wa mtu anayemvalisha mtoto mchanga. Alipomwona mgeni wake, aliona haya mpaka masikioni.

"Umekuja kunikamata, Daktari."

"Nimekuja kuuliza. Wewe hapo, unaniogopa mimi?"

Mwewe aliendelea kukunja huku akifikiri. "Kule juu najua kila kitakachofuata. Kamba nimezipanga mwenyewe. Kwako nalazwa chali, mdomo wazi, hata kuuliza siwezi. Halafu unaniambia haiumi. Sasa mtu akikwambia haiumi, si unajua tayari kuna kitu?"

Neno lilimwingia daktari. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Kwa hiyo huko juu huogopi?"

"Naogopa kila ninapopanda. Ila ile tumezoeana. Najua inakaa wapi na inaondoka lini."

"Inakaa wapi?"

"Yangu inakaa kwenye magoti. Yako siijui. Itabidi uje uitafute mwenyewe."

Jioni hiyo alimweleza mumewe, mwalimu wa jiografia, mtu mpole mwenye kupenda kukaa chini.

"Mama Pacha," mumewe alisema akiweka kikombe mezani, "wewe hata kupanda ngazi kubadilisha taa unaniita mimi."

"Ndiyo maana nataka kwenda."

Mumewe alimtazama. Kwa miaka waliyoishi pamoja alikuwa amejifunza kuutambua uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kushika bisibisi.

"Haya. Mimi siruki, tuelewane. Lakini nitakuja kusimama chini."

Mafunzo yalianza ardhini. Daktari alining'inizwa kwa mikanda kwenye boriti ya banda, miguu ikielea, akafundishwa kuvuta mipini ya kuongozea na kuachia parachuti kuu ili afungue ya akiba. Aliruka kutoka kwenye kijukwaa cha mbao hadi mchangani, akajifunza kuangukia ubavu, kwanza shavu la mguu, kisha paja, kisha bega. Usiku mumewe alimkanda kwa maji ya moto bila kusema "nilikwambia", na hilo peke yake lilikuwa pendo.

Kilichomshangaza zaidi ni kwamba Mwewe hakuwahi kumwambia mwanafunzi asiogope. Akiona mtu amebadilika rangi, humsogelea na kumwuliza kama fundi anayeuliza gari linagonga upande gani.

"Iko wapi sasa hivi?"

Mwanzoni daktari hakuiona popote. Baadaye alianza kuona. Yake ilianzia kwenye viganja, ubaridi kama wa kushika chupa iliyotoka kwenye friji. Kisha ilipanda, ikatua nyuma ya ulimi na ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba kijiko kitupu. Aligundua pia kwamba ilipenda kuja mikono inapokosa kazi. Akifunga mikanda, ilitulia. Akikaa bure kusubiri zamu, ilirudi. Mwewe akamfundisha kutoa pumzi polepole kuliko alivyoivuta, na kupitia kila tendo akiwa amefumba macho ndani ya ndege iliyosimama: mguu kwenye ngazi, mikono kwenye chuma cha bawa, mtazame mwalimu, toa kifua, achia.

"Na nikishindwa?" aliuliza.

"Tikisa kichwa. Ukitikisa kichwa unarudi na ndege. Hakuna atakayekusukuma."

Siku yenyewe ilifika, anga safi kama sahani. Ile ndege ilikuwa ndogo, viti vimeng'olewa, inanuka mafuta na jasho la watu. Kamba ya parachuti yake ilifungwa kwenye chuma cha sakafuni, ili akianguka parachuti ijifungue yenyewe. Walipanda. Daktari alikuwa anajisikia vizuri, hata akampungia rubani mkono.

Kisha Mwewe alifungua mlango.

Upepo uliingia na kelele ambayo hakuwahi kuifikiria. Kila alichokariri kilifutika. Alitazama chini badala ya kumtazama mwalimu, akaona paa la banda likiwa dogo kama kisanduku cha kiberiti, akawaza mumewe atawaambiaje watoto. "Usiogope," alijiambia. "Usiogope, usiogope."

"Tayari?" Mwewe alipaza sauti.

Alitikisa kichwa.

Mlango ukafungwa. Ndege ikazunguka, ikatua. Mumewe alimpokea kwa kumkumbatia kwa furaha kubwa mno, jambo lililomkera kuliko kushindwa kwenyewe. Aliketi nyuma ya banda, kofia ngumu mapajani, asitake kuonana na mtu.

Mwewe alikuja akachuchumaa karibu. Daktari alitarajia pole. Hakupewa.

"Nini kilitokea?" Mwewe aliuliza, na ilikuwa wazi anataka kujua.

"Nilishindwa."

"Hilo si jibu. Ulitikisa kichwa, ukarudi, ndivyo tulivyokubaliana. Nauliza kilichotokea."

Daktari alifikiri. "Kelele. Hakuna aliyenieleza kuhusu ile kelele. Ikanifutia kila kitu."

"Na hofu ilikuwa wapi?"

"Sijui. Sikuiangalia. Nilikuwa napigana nayo."

"Nani alishinda?"

Daktari alijikuta anacheka, machozi yakimlengalenga bado.

Aliporudi kazini jambo moja lilimkaa kichwani. Kule mlangoni alikuwa amejitibu kwa dawa ileile aliyowapa wagonjwa wake miaka yote, na haikumsaidia hata chembe.

Wiki hiyohiyo Mwewe alikuja kliniki mwenyewe, shavu limevimba kama ameficha ndimu. Alipanda kitini akijikaza kisabuni. Daktari hakumlaza mara moja. Alimpa kioo ashike, ajionee jino lake.

"Kwanza ni sindano ya ganzi," alimweleza. "Itachoma, na kuchoma kwenyewe hakutazidi pumzi moja ndefu. Halafu utasikia mashine inatetema, ina kelele mbaya. Nitaiwasha sasa hewani uisikie. Ukiinua mkono nasimama, hata niwe katikati ya kazi."

Aliiwasha. Mwewe aliisikiliza akiwa ametoa macho. Sindano ilipokaribia, aliinua mkono. Daktari alisimama. Akaanza tena, mkono ukapanda tena, naye akasimama tena bila kuguna. Baada ya hapo mkono haukupanda. Gego lilisafishwa, likazibwa, na Mwewe alipoulizwa hofu iko wapi, kwa kuwa mdomo umekufa ganzi, alinyoosha kidole kwenye magoti yake. Msaidizi ilibidi atoke nje acheke.

Daktari sasa alijua anachotaka. Alimwomba Mwewe amruhusu apande na wanafunzi wengine bila kuruka, afungwe mkanda karibu na mlango, aisikilize tu ile kelele. Mwewe alikubali. Mara ya kwanza ilimtisha vilevile. Mara ya pili alianza kuichambua: kulikuwa na mngurumo wa injini chini, juu yake mluzi wa upepo, na mlio wa kitu kama bendera, ambao ulikuwa ukanda wa mlango ukipigapiga. Ikishatengwa vipande, haikuwa kubwa vile. Aliwatazama na wale waliokuwa wakiruka. Kila mmoja aliogopa kwa namna yake: huyu alipiga miayo, yule alisimulia vichekesho visivyoisha, mwingine alikagua kifungo kilekile hadi kikaonewa huruma.

"Daktari amekuwa kondakta wa ndege yangu," rubani alisema.

Halafu asubuhi moja, alipomaliza kuvaa mikanda, alimwambia Mwewe, "Leo nifungie kamba."

Walipopanda, viganja vilianza ubaridi. Alivitazama. Baadaye ladha ya chuma ikaja nyuma ya ulimi, kwa wakati wake, kama mtu wa ofisini. Hakuifukuza. Alitoa pumzi polepole, akajisemea kwa sauti kinachofuata, na kingine baada ya hicho. Mlango ulifunguliwa: injini, upepo, ukanda. Mguu kwenye ngazi. Mikono kwenye chuma. Alimtazama Mwewe usoni, akaona kovu dogo kwenye nyusi ambalo hakuwahi kuliona.

"Tayari?"

Akaitika kwa kichwa, akatoa kifua, akaachia.

Kipande kilichofuata hakukikumbuka kamwe, hata alipojaribu baadaye. Alikumbuka mvuto wa nguvu mabegani, halafu kimya. Kimya kikubwa, na parachuti imetanda juu yake, nyekundu na nyeupe, na miguu yake ikining'inia juu ya mashamba. Aliitafuta hofu kwenye viganja. Haikuwepo. Akaitafuta kwenye ulimi. Napo hakuna. Ilikuwa imebaki kule kwenye ngazi ya ndege, na hili lilimshangaza sana, kwamba ilikuwa kubwa kabla ya kuachia kuliko baada yake.

Sauti ya mwongozaji wa chini ilimwambia redioni ageuke kushoto. Ikakwaruza, ikakatika. Upepo nao ulikuwa umebadilika, ukampeleka nje ya uwanja taratibu. Hapo hofu ilirudi, lakini safari hii ilimshika shingoni. "Kumbe hata huku unafika," aliiambia, na mikono yake ikaendelea na kazi. Aliona nyaya za umeme, akazikwepa mapema. Aliona shamba wazi, akageukia upepo kama alivyofundishwa. Ardhi ilipomjia alivuta mipini yote miwili, akaangukia ubavu kwenye matuta yaliyomwagiliwa muda si mrefu. Alilala hapo na tope mpaka sikioni, akihesabu viungo vyake. Vyote vilikuwepo.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia alisimama na jembe lake, akamkagua.

"Pole, mama. Umeumia?"

"Hapana, mwenzangu. Nisamehe kwa matuta yako."

"Matuta yatatengenezwa." Alisogea, akashika kitambaa cha parachuti kwa vidole viwili. "Chepesi hivi? Na kimekubeba wewe?"

"Kimenibeba."

"Na huko juu mtu anaona?"

"Anaona kila kitu."

Yule mwanamke aliegemea jembe. "Basi niambie. Paa langu lile pale, la bluu. Linavuja na sijui ni wapi. Hukuliona ulipokuwa unapita?"

Daktari aliketi vizuri kwenye tope, akafumba macho kulikumbuka. Alikuwa ameliona. Alikuwa ameona kila kitu kwa namna ambayo hakuwahi kuona maishani.

"Upande wa nyuma," alisema. "Kwenye kona, jirani na tangi la maji. Kuna bati limefunuka."

"Upande wa nyuma? Na fundi nimempandisha mbele siku zote."

Mumewe alipofika, amekimbia shamba zima na suruali imeloa hadi magotini, aliwakuta wamesimama nyuma ya ile nyumba, mkewe amekumbatia parachuti kifuani, wote wawili wameinua vichwa na kunyoosha vidole juu ya bati.