Nguo Zangu Kwenye Mistari Mitano

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika kwenye mtihani wa cheti cha muziki, na chumba cha mtihani kilikuwa ua wangu mwenyewe.

Watahiniwa wenzangu walikuwa wamekwisha kuketi. Wote walikuwa watoto wa umri wa wajukuu zangu, wamevaa soksi nyeupe. Mmoja akaniamkia.

"Shikamoo bibi. Umemleta nani?"

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe."

Akawanong'oneza wenzake, nao wakasogeza madawati kwa adabu, kama watu wanaopisha jeneza.

Mtahini alikuwa Kinanda wa kanisani kwetu, yule wa kukanyagwa kwa miguu. Alivaa tai. Hilo halikunishangaza. Nilichohofia ni kwamba angenitambua, kwa maana miaka yote nimeimba sauti ya pili mbele yake huku nimemwegemea Mama Namkunda, jirani yangu wa benchi. Yeye akitoa sauti, ndipo nami nafuata. Herufi nimezijua juzijuzi tu, katika kisomo cha watu wazima. Nota nilikuwa sijazijua hata kidogo. Hata hivyo nilijiandikisha, kwa sababu kwaya ya watoto haina mwalimu, na asiye na cheti hakabidhiwi watoto. Nyumbani sikumwambia mtu. Binti yangu Naetwe anajua kwamba leo asubuhi, siku yenyewe ya mtihani, nakwenda kliniki ya macho.

"Soma," anasema Kinanda, akinionyesha kamba za nguo.

Kamba zangu leo ni tano. Zimeanikwa nguo zangu zote, kila moja mahali pa nota yake.

"Gaguro hili ni nota gani?"

Natazama. Gaguro, sketi yangu ya ndani, lina kiraka cha mfuko wa unga, na maandishi ya kiwanda yanasomeka vizuri. Watoto wananyoosha shingo.

"Ni la zamani, mheshimiwa."

"Sikuuliza umri wake. Liko mstari wa pili kutoka chini. Anayekaa hapo ni nani?"

Naliangalia gaguro lenyewe.

"Soli," linasema gaguro taratibu, kwa kunihurumia.

"Hakuna kunong'onezana!" Kinanda analinyang'anya vibanio, nalo linaanguka topeni.

"Sasa mbele yako kuna alama ya pumziko," anasema. "Timiza."

Kanuni ni kanuni. Ninalala chini mbele ya watoto, nikiwa na gauni langu la Pasaka. Nilipaswa kuhesabu mapigo, lakini hesabu ilinipotea, nikaona afadhali nisubiri wengine waniambie. Hakuna aliyeniambia. Nilipowaona wanapiga miayo, ndipo nilipojua kwamba pumziko lilikwisha zamani.

Niliponyanyuka, ua ulikuwa umekuwa kanisa, na benchi letu lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Kinanda akaanza kupiga wimbo ule ulioandikwa kwa nguo zangu, sauti ya kwanza, polepole. Mahali pangu pa kuingia pakafika. Nikainama upande kumtafuta Mama Namkunda. Sikio langu likagonga ukuta.

"Unamsubiri nani?" Kinanda akauliza.

"Mwenzangu. Namfuata yeye."

"Naye humfuata Mama Nankondo wa mwisho wa benchi. Mama Nankondo huuegemea ukuta."

"Na mimi nimechoka," ukasema ukuta. "Miaka yote hii, akina mama, sijui hata wimbo mmoja."

Watoto wakacheka. Nilitamani sakafu inimeze, lakini sakafu ilisema haikuandaliwa kwa kazi hiyo.

"Ninarudia," akasema Kinanda. "Ukikosa, watoto waende kwao."

Naimba. Sauti yangu inatoka peke yake, nami naisikia kwa mara ya kwanza. Ni nyembamba, ina mikunjo, inatetemeka kama ya mtu aliyeshikwa kwenye shamba la wenyewe. Uso unaniwaka. Nimeinamisha kichwa, macho yako kwenye viatu, lakini naimba mpaka kamba inapoishia.

"Nimefaulu, mheshimiwa?"

"Majibu hutoka baadaye," akasema, akajifunika kifuniko chake.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Nje Naetwe alikuwa anafagia ua huku akiimba wimbo kwa kuvuma. Nikatega sikio. Ilikuwa sauti ya kwanza, ile ya Kinanda, ambayo mimi sikuiimba hata ndotoni.

"Naetwe, wimbo huo umeutoa wapi?"

"Sijui, mama. Nimeamka nao." Akaacha kufagia. "Ila haujakamilika. Kuna sauti inatakiwa chini yake, siipati."

Akaendelea kuvuma. Maneno ya kliniki ya macho yalikuwa tayari mdomoni. Nikayameza. Nikafungua dirisha, na bila kuthubutu kumtazama usoni, nikaingia mahali pangu, kwa sauti ya pili.