Sauti ya Mtoto Anayependwa

Duka la Abdulmajid liliitwa Malezi Bora, na liliuza sare za shule. Lilikuwa Kariakoo, katika mtaa ambao kila duka lina spika mlangoni na kila spika ina tangazo lake, hata mgeni akisimama katikati anauziwa masufuria kwa sikio la kulia na suruali kwa sikio la kushoto. Lakini tangazo la Malezi Bora halikuwa na mpinzani. Wenzake waliwarekodi vijana wa kufoka. Yeye alimrekodi binti yake, Ummy, akiwa na miaka minane.

"Hamjambo watoto wenzangu," ilisema sauti nyembamba. "Mimi baba yangu ananipenda. Ananinunulia sare Malezi Bora, hazipauki, hazichaniki. Je, wewe, baba yako anakupenda?" Kisha kicheko kidogo, cha kukatika. Sekunde arobaini, halafu inaanza upya, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na huu ulikuwa mwaka wa nane.

Kina baba waliopita na watoto wao walikuwa hawana pa kukimbilia. Mtoto anamtazama baba, baba anaitazama spika, na spika haina haya. Wakaingia.

Mtoto akishaingia, Abdulmajid hakuhitaji futi kamba. Alimwangalia mara moja tu, kichwani hadi miguuni, akaita: "Sketi ishirini na sita, shati namba nane." Hakukosea. Alijisifu kwamba anaweza kumpatia saizi mtoto aliye ng'ambo ya barabara.

"Kazi hii inataka mtu anayewapenda watoto," aliwaambia wateja. "Binti yangu lile tangazo alilisema mara moja tu, bila kurudia. Mtoto akilelewa vizuri hasumbui."

Binti mwenyewe sasa alikuwa na miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu, kama si cha pili. Walikaa pamoja ghorofani, juu ya duka. Abdulmajid alishuka kabla Ummy hajaamka na kupanda akiwa ameshalala, au ameshaufunga mlango wake, jambo ambalo kwa baba yake lilikuwa ni lile lile. Hakuona tatizo. Sauti yake aliisikia siku nzima.

Kwa hiyo alishangaa, wiki ya pili ya Januari, msimu wenyewe wa sare, kuitwa shuleni kwa mara ya nne. Zile tatu za kwanza alikuwa na shughuli.

Mwalimu Angelina, mwalimu wa unasihi, alimpokea katika chumba kidogo. Ummy alikuwa amekaa karibu na dirisha, amevaa sketi iliyoteremshwa upindo hadi nguo ikaisha, na bado haikufika magotini. Abdulmajid hakuliona hilo. Aliona kwamba pazia la ofisi limepauka.

"Ummy hajasema neno darasani tangu Agosti," mwalimu alianza. "Akiitwa kwa sauti kubwa anaingia chini ya dawati. Kengele ikilia anatetemeka. Usiku halali, mchana anasinzia. Mikono yake ameikwaruza mwenyewe hadi imetoka vidonda."

Abdulmajid alitafakari kama mzazi anayetafakari.

"Ni simu," alisema.

"Hana simu."

"Basi ni kukosa simu. Nitamnunulia."

"Mzee Abdulmajid, nyumbani anaongea na nani?"

"Na mimi. Kwani na nani? Anaongea kutwa, mtaa mzima unamsikia." Akatoa simu yake mfukoni, akaliweka tangazo, akaongeza sauti ili serikali nayo isikie.

*Hamjambo watoto wenzangu.* Ummy aliziba masikio, akainama taratibu mpaka paji la uso likagusa magoti. Baba yake alingoja kicheko cha mwisho kipite.

"Umesikia? Hana kasoro yoyote ya sauti."

Mwalimu aliichukua ile simu, akaizima, akaiweka mezani mbali naye.

"Mama yake alipoondoka, mtoto ana miaka saba, mchana alikuwa anakaa na nani?"

"Alikaa salama. Nilikuwa nafunga mlango kwa nje."

"Kutwa?"

"Chakula nilimwachia kwenye hotipoti. Sijamnyima mwanangu chakula hata siku moja, mwalimu. Kitanda anacho. Ada nalipa. Kapungukiwa nini?"

Mwalimu Angelina alimpa karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Ilikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko mdogo: *Naomba baba azime ile sauti.*

"Leo Ummy anakwenda kwa shangazi yake, Moza, kule Mchikichini," alisema. "Afisa ustawi wa jamii anafahamu. Ijumaa tutakaa tena tuamue kama atarudi kwako. Tutaangalia umefanya nini na hilo ombi. Hajaomba kingine tangu nimjue."

Abdulmajid alirudi dukani na ile karatasi mfukoni. Moyoni alihofia, na hofu ile ilikuwa ya kweli. Mtoto alikuwa mmoja tu, na hakuwa na mwingine wa kumwita wake. Akavuka barabara kwenda kwa Ravindra, aliyeuza nyuzi na vifungo mkabala naye kwa miaka thelathini.

"Zima," Ravindra alisema, bila kuinua macho kwenye boksi la vifungo.

"Januari hii?"

"Basi mtoto naye arudi Februari."

"Wewe unatania, na mimi nina msiba."

"Sitanii, Majidi. Kaizime hiyo spika, siku moja tu, uone."

Abdulmajid alisimama pale, akaisikiliza sauti ikitoka ng'ambo, na ghafla akaelewa kila kitu. Ummy amekua. Ana miaka kumi na sita, wenzake wa shule wanapita Kariakoo, wanamsikia akisema kitoto. Anaona aibu. Hataki sauti izimwe; anataka irekodiwe upya, ya kisichana, ya mtu mzima. Ni baba wa namna gani ambaye asingeliona hilo? Alijisikia mzazi mzuri kiasi kwamba alimpigia Bryson simu akiwa bado yuko barabarani.

Bryson ndiye aliyerekodi lile tangazo la kwanza, zama zile akiwa kijana anayejifunza na kompyuta moja. Sasa nusu ya spika za mtaa ule zilizungumza kwa mkono wake. Alikuja Alhamisi, saa tano, duka limejaa kina mama na watoto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka jipya, maneno yale yale. Ummy wa zamani alisema mara moja tu, huyu wa sasa atashindwa nini?"

Bryson alimtazama kidogo. "Sauti ya siku ile ninayo yote, mzee. Kazi ya mteja huwa sifuti. Tuisikilize kwanza tujue mwendo wake." Akachomeka flashi kwenye spika ya mlangoni.

Kilichotoka hakikuwa *hamjambo*. Ilitoka sauti ya mwanamume, nzito, yenye pumzi za hasira. "Tena. Na safari hii ucheke."

Abdulmajid alikunja uso. "Umeweka ya nani hiyo? Huyo mwendawazimu ni nani?"

Bryson aliuangalia waya kama vile una kosa. "Ni wewe, mzee."

Spika iliendelea. *Hamjambo watoto wenzangu, mimi baba yangu,* sauti nyembamba ikakwama. Kikasikika kishindo cha mita ya mbao, ile ya kupimia vitambaa, iliyokuwa bado inaning'inia nyuma ya kaunta. Kishindo hicho hakikuwa cha mbao juu ya meza. "Unalia. Mtoto anayependwa analia? Sema kwa furaha. Tena." *Hamjambo watoto.* Kishindo. "Tena."

Kina mama waliokuwa wakipima sketi waliacha kupima. Abdulmajid angeweza kuunyoosha mkono na kuzima. Hakuunyoosha, kwa sababu alikuwa akingoja. Alikumbuka wazi kwamba Ummy alilisema mara moja tu, na mara hiyo moja ilikuwa lazima ifike. Alihesabu kumi na tisa kabla haijafika. Binti alisema maneno yote hadi mwisho, na mwishoni kikaja kile kicheko kidogo cha kukatika ambacho mtaa mzima ulikipenda. Ila hapa hakikukatika. Kiliendelea, kikawa kwikwi, kwikwi zikawa kilio cha mtoto wa miaka minane, na kilio hakikuwa na mwisho.

"Hapa ndipo nilipokata," Bryson alisema kwa sauti ndogo. "Wewe ndiye uliyesema nikate hapa."

Abdulmajid akauchomoa waya.

Ravindra alikuwa amevuka barabara, amesimama kizingitini na rili ya uzi mkononi. "Siku ile nilikuwepo," alisema. "Niliongeza redio."

"Mimi nilikuwa na cherehani," alisema fundi aliyekaa barazani miaka yote hiyo. "Nikaikanyaga kwa nguvu."

Mwenye duka la masufuria alirudi haraka kwenye spika yake, na mtaa wote ukajua yeye aliongeza nini. Ndivyo alivyosaidiwa Ummy: kila jirani alichangia kelele kidogo. Na juu kule, nyuma ya mlango uliofungwa kwa nje, mtoto aliachiwa sauti yake mwenyewe kuanzia asubuhi hadi jioni, ikimwambia kwamba baba yake anampenda.

Siku ile Malezi Bora iliuza kimya kimya. Iliuza sawasawa na jana yake. Shule zilikuwa zimefunguliwa, watoto walihitaji sare, na hakuna aliyeuliza sauti imekwenda wapi. Abdulmajid alipiga hesabu: miaka minane, na haikuwa imemuuzia hata kifungo.

Ijumaa, kabla ya kikao, alifunga duka akaenda Mchikichini na mfuko. Moza alikuwa katikati ya marobota yaliyofunguliwa, na Ummy kando yake akichambua mashati ya mitumba.

"Kaka, umekuja kuchukua au kuleta?"

"Kuleta. Nimezima, Moza. Nimezima kabisa."

"Unataka tukupigie makofi?"

Alitoa sketi mpya kwenye mfuko, nguo nzuri kuliko zote dukani, akampa binti yake. Ummy aliikunjua, akaiweka kiunoni. Haikumzunguka hata nusu. Ilikuwa saizi ya mtoto aliyekuwa ndani ya spika.

"Si saizi yangu, baba."

Sauti ilikuwa nzito kidogo, yenye mikwaruzo, na Abdulmajid hakuwahi kuisikia. Alimtazama Ummy kichwani hadi miguuni, kama anavyowatazama watoto wa watu, akatafuta namba, na namba haikuja.

"Saizi yako ngapi?" aliuliza.

Ummy aliikunja ile sketi vizuri, akaiweka kwenye fungu la nguo za watoto. Kisha akarudi kwenye mashati.

"Kwenye kikao usije ukadanganya," Moza alisema. "Mtoto anabaki hapa."

"Nitasema abaki," Abdulmajid alisema. "Nitasema na lile la mita."

Jumamosi mama mmoja aliingia Malezi Bora na mvulana wa darasa la pili, akamsogeza mbele na kungoja, maana sifa za mwenye duka alizisikia. Abdulmajid alimwangalia mtoto kwa muda mrefu. Halafu akafungua droo, akatafuta futi kamba iliyokuwa chini kabisa, akachuchumaa.

"Naweza kukupima?" alimuuliza. "Kama hutaki, sema tu."

Mtoto akamtazama mama yake, kama aliyeulizwa jambo geni.