Mzee Haamki Bila Kidogo

"Wallahi nimemsikia kwa masikio yangu," dada yangu Mwanarehema aliniambia. "Yuko kwenye simu, asema asubuhi ya baridi Mzee haamki mpaka apewe kidogo. Na harufu ya spiriti nimeisikia mwenyewe."

Alikuwa akimsema Faki, dereva wa tuktuk anayewapeleka watoto wa mtaa wetu wa Timbwani shuleni, Mastura wake akiwamo. Dada alitaka kuwaambia akina mama wote. Wangemwamini, na Faki hana kazi nyingine. Nilimsihi angoje tukaone wenyewe.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya Julai hasa, mvua na upepo wa baridi. Tulipompeleka Mastura, tulimkuta Faki ameinama nyuma ya tuktuk, mkononi ana chupa ya soda. Spiriti ilinuka toka mbali.

"Shikamoo, Mzee Faki."

"Marahaba, mwanangu."

"Chupa ya nani hiyo?" dada akadakia.

"Ya Mzee."

"Na Mzee si wewe?"

Faki akaipigapiga tuktuk. "Mzee ni huyu. Baridi kidogo tu, agoma."

Dada hakucheka. Niliinusa chupa: petroli tupu. Nikafungua tangi, nikainusa tena. Spiriti ilikuwa humo.

"Mafuta wanunua wapi, Mzee?"

"Kwa jamaa mmoja hapo nyuma. Ni rahisi. Lakini tangu nianze kuyatia, hawaki mpaka nimdondoshee petroli ya kituoni kwenye kabureta."

Nilisomea kemia, na sijapata kazi bado. Nilitia maji kwenye chupa tupu, nikapiga alama kwa kalamu pale yalipofika, nikaongeza mafuta ya tangi na kutikisa. Yalipotulia, maji ya chini yalikuwa yamepanda juu ya alama.

"Spiriti imehamia kwenye maji, dada. Mafuta haya yamechanganywa. Injini huwashwa na mvuke, na kwenye baridi spiriti haitoi mvuke upesi. Ndiyo maana huanza na petroli safi."

Dada alitazama chupa, kisha Faki. "Nipumulie."

Faki akampumulia. Tangawizi na kahawa.

"Kwa hiyo mwanangu apanda chombo kinachokunywa," dada akasema, akimpandisha Mastura polepole. "Ukiyanunua tena mafuta yale, nitawaambia akina mama kwamba Mzee anywa. Na sitasema Mzee yupi."