Ng'ombe Mwekundu wa Lottie

Ng'ombe wa serikali walipofika, baadhi walikuwa wameshakufa ndani ya mabehewa. Walitoka magharibi, nchi iliyoungua kwa ukame, na waliosalia walikuwa mbavu na pembe tu. Sisi Waseminoli, wenyeji wa asili wa vinamasi vya kaskazini mwa Ziwa Okeechobee, tulikwenda kuwapokea relini, wanawake tumevaa sketi zetu za viraka vya rangi. Hakuna aliyeshangilia.

"Wazungu wametuchukulia nchi nzima," alisema mjomba Echo, "leo wanatuletea mizoga."

Mjomba alikuwa kaka wa marehemu mama yetu na mkubwa wa ukoo wetu wa Ndege. Akilikataa jambo, tulizoea kuliacha na kurudi nyumbani.

Jike mmoja mwekundu alianguka mara tu alipokanyaga nyasi. Mzungu aliyewaleta akachukua bunduki ammalize. Dada yangu Lottie akatoka kundini, akasimama kati ya bunduki na ng'ombe.

"Huyu nampeleka kwangu."

"Utambeba mgongoni?" binamu yetu Wilson akamtania, na wanaume wakacheka.

"Nikimbeba, wewe utashika mkia. Lete mkokoteni."

Wilson akaleta mkokoteni.

Nyumbani, Lottie alipitisha turubai chini ya tumbo la yule ng'ombe na kulifunga kwenye nguzo za banda la makuti, ili asimame hata kama miguu haitaki. Cherehani yake akaisogeza pembeni. Akawa anamnywesha uji wa mahindi kutoka chungu chetu wenyewe.

"Mwanangu," mjomba akamwambia, "siku hizi ng'ombe anatangulia wazee?"

"Wazee wana miguu ya kufuata chungu, mjomba. Huyu bado."

Mjomba akageuka kujifunga kilemba upya, lakini niliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Ng'ombe akapona. Tukaondoa turubai, naye akaanza kumfuata Lottie kila aendako, hata mtoni kufua.

Kisha masika yakaja na maji yakapanda. Wale ng'ombe wa jangwani hawakuwahi kuona nchi ikigeuka ziwa. Walijazana bondeni, wakazama topeni mpaka vifuani, wakasimama tu wakingoja kufa. Wanaume waliwapigia kelele na kuwachapa, wala hawakusogea.

Lottie akaingia majini akimvuta jike wake kwa kamba, akielekea kisiwa kikavu chenye miti ya mialoni. Nyuma yangu nikasikia sauti nyembamba, ndefu, kama ya mwanamke anayeita mtu ng'ambo ya mto. Alikuwa mjomba Echo. Alikuwa ameshavua kilemba, maji yamemfika kiunoni, anaita ng'ombe.

Kundi likainua vichwa. Mmoja akajing'oa topeni akamfuata yule mwekundu, halafu wengine.

Kisiwani, tukiwa tumelowa na tunatetemeka, Wilson akamuuliza mjomba alijifunza wapi kuita vile.

"Kwa bibi yangu," mjomba akajibu. "Kabla ya vita na Wazungu, watu wetu walijaza nyanda za kaskazini kwa ng'ombe. Askari wakawapiga risasi ng'ombe wale, wengine wakawaswaga wakaenda nao. Bibi akakimbilia kinamasini na watoto wake, na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Mifugo hakuipata tena. Lakini hadi anazeeka alikuwa akiwaita ng'ombe wake, jioni jioni, akitufundisha sisi watoto. Tulidhani ni mchezo."

Lottie akavua shali yake akamfunika mjomba mabegani.

Ng'ombe wengi tuliwapoteza mwaka ule. Lakini waliobaki walizaa, na mwaka uliofuata wanaume walipokutana kuchagua waangalizi wa malisho, jina la kwanza kutoka mdomoni mwa mjomba lilikuwa la Lottie.

"Mwanamke?" mzee mmoja akauliza.

"Ng'ombe wako yupo hai kwa sababu ya nani?" mjomba akamjibu.

Nikatumwa kumwita dada. Nilimkuta amepiga magoti kwenye nyasi, mikono imejaa damu, akimvuta miguu ya mbele ndama aliyekuwa akizaliwa. Nikamwambia ametajwa kuwa mwangalizi wa malisho.

"Waambie nimekubali," alisema bila kuinua kichwa. "Halafu urudi unishikie huyu."