Neno la Siri la Bwana Tranter

Gerishon alikuwa karani wa wakili Tranter kwa miaka arobaini na moja, na katika miaka hiyo hakuna kiapo cha maandishi kilichotoka katika ofisi ile ya Hurlingham, Nairobi, ambacho hakukipiga taipu yeye. Alizijua koma za bosi wake kuliko siku za kuzaliwa za watoto wake mwenyewe, na hakuona haya kujigamba hivyo.

Kwa hiyo Tranter alipofariki nyumbani kwake Spring Valley, akiwa na miaka mia moja na mmoja, Hannah, wakili aliyeirithi ofisi, hakuhangaika kutafuta mwandishi wa wasifu. Alimpelekea Gerishon sanduku la bati lenye karatasi za marehemu hadi kwake Dagoretti Corner.

"Mzee, wewe ndio unamjua," alimwambia. "Andika hiyo eulogy, na Ijumaa uisome kanisani."

Gerishon alianza kwa kuandika neno la mwisho, lala salama, Bwana Tranter, halafu akarudi juu. Marehemu alizaliwa Australia, mashambani, kwa wafuga kondoo. Akiwa ofisa kijana aliazimwa kwenda Burma kuongoza askari wa kutoka huku kwetu. Baada ya vita akasomea sheria, akaja Nairobi. Sehemu ya vita Gerishon aliiandika kwa moyo mzito, maana babake, Kibe, alibaki hukohuko Burma. Mamake aliambiwa kwamba ameuawa na Wajapani, akaishi na habari hiyo mpaka akazikwa nayo.

Chini kabisa ya sanduku alikuta kiapo. Kilipigwa taipu kwa vidole viwili, makosa tele, tena kwa Kiswahili. Hakikuwa na sahihi wala muhuri. Jambo la kwanza lililomuudhi, Mungu amsamehe, ni kwamba hakukipiga yeye. Kisha akasoma.

"Mimi, Alec Tranter, naapa mbele ya mjane wa Kibe kama ifuatavyo.

"Kwamba neno la siri la kuingilia kambini nililichagua mimi, nalo lilikuwa lala salama, kwa sababu Mjapani hawezi kutamka L.

"Kwamba alfajiri, kwenye ukungu, nilisikia mtu anakuja, nikamwuliza neno.

"Kwamba alijibu rara sarama, mara mbili.

"Kwamba nilipiga risasi.

"Kwamba mwanawe yuko chumba cha pili anapiga taipu ninapoandika haya."

Gerishon alikisoma tena kutoka juu, akitafuta kosa la taipu la kubadilisha maana, asilipate.

Alikumbuka mwaka wa uhuru, siku aliyokwenda kuomba kazi. Tranter alilitazama jina la babake kwenye barua, akamwambia aseme lala salama. Gerishon, Mkikuyu wa Dagoretti, alisema kama ulimi wake usio na L ulivyomruhusu. Mzungu akageukia dirisha, kisha akamwambia aanze Jumatatu. Kisa hicho Gerishon alikisimulia maisha yake yote ili watu wacheke, jinsi alivyoanguka mtihani na bado akapewa kazi. Hata kwenye harusi ya bintiye alikisimulia, Tranter akiwa meza ya mbele. Sasa alikumbuka kwamba ni Tranter peke yake ambaye hakucheka.

Hasira ilimpanda. Alijutia kila kikombe cha chai alichomiminiwa ofisini na mikono ile. Alimpigia Hannah simu amtafute msomaji mwingine, bila kumweleza sababu. Hannah alimjibu kwamba programu za ibada zilikuwa zimeshachapwa, wasifu wote ukiwa ndani, na jina lake limo.

Ijumaa kanisa lilijaa mawakili. Gerishon alisoma habari za kuzaliwa, akasoma za kondoo, na alipofika Burma akaiweka programu kando. Akatoa kiapo kwenye koti, akakisoma kwa sauti ileile kavu ya karani, kwamba baada ya kwamba, hadi mwisho. Hannah aliziba mdomo kwa mkono.

Alikikunja, akaichukua programu tena. Ulikuwa umebaki ule mstari aliotangulia kuuandika. Akaligeukia jeneza.

"Rara sarama," alisema. "Rara sarama."

Kisha akabaki amesimama palepale, akingoja kuruhusiwa kupita.