Mate Yavuke Kidole

Kofi lenyewe halikutosha kumwangusha kuku. Nicolas alilipiga akiwa amekaa, mgongo kwenye tanuru la matofali, mkono wa kushoto bado umeng'ang'ania kipande cha bangi walichokuwa wakikigombania. Lakini Lucien alipojipangusa midomo, meno matatu yalibaki kiganjani: meno ya mbele, ya chini, meusi kwenye mizizi, yametoka pamoja kama punje za hindi lililooza.

Wote wawili wakayatazama.

"Sikupiga na nguvu," Nicolas akasema. "Ndugu yangu, Mungu iko anaona, sikupiga na nguvu!"

Lucien alimrukia hata hivyo. Akamkaba shingo, akamgonga kichwa kwenye tofali mara mbili, vumbi jekundu likawafunika. Damu ya fizi ilimdondokea Nicolas usoni, na Nicolas, pale chini alipolala, akaanza kucheka. Lucien naye akacheka. Hakusikia maumivu hata kidogo. Jambo hilo ndilo lililopaswa kumtisha, nalo ndilo lililomchekesha.

Mdomo wa Lucien haukuzaliwa hivyo. Mama yake, marehemu Émilienne, alipokuwa hai, hakuna aliyepewa chai katika nyumba ile ya mtaa wa Mudzi Pela, mjini Bunia, kabla hajatafuna kijiti cha mswaki na kusukutua mpaka maji yatoke meupe. Lucien alikuwa na meno ya kuvunjia mfupa wa mbuzi. Kisha mama akafa, na kijana akaenda kufyatua matofali kando ya mto Nyamukau, na Nicolas akamfundisha kuvuta ili udongo uwe mwepesi. Bangi ilimkausha mdomo. Mdomo mkavu ukaomba muwa. Akatafuna muwa mpaka usingizi ukamchukua na makapi shavuni. Jino likiuma alilimwagia kanyanga, pombe kali ya kienyeji. Kanyanga ikikosekana, alivuta tena. Kijiti cha mswaki akakisahau kama mtu anavyosahau deni la jirani mpole. Hivyo, miaka miwili, meno yake yaliteketea kama nyumba inayoungua mwenyewe akiwa safarini.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na sita. Redio ya serikali ilihubiri kutwa kucha turudi kwa mababu. Majina ya ubatizo yalifutwa kwenye vitambulisho, lakini midomoni mwa watu yakabaki. Na wazee wa Kialur waliotoka Mahagi kuja kukaa Bunia, ambao zamani mapadri waliwacheka kwa mapengo yao, sasa walitembea wakicheka wazi, ili kila mtu aone mahali pa meno manne ya chini waliyong'olewa ujanani na baba zao, kwa chuma, kama ilivyo desturi.

Mmoja wao alikuwa Adolphe. Alikuwa mjomba wa Dorothée, ndiye aliyemlea, na alikwisha kuapa kwamba mvuta bangi hatakanyaga mkeka wake. Ole wake Lucien, maana Dorothée ndiye msichana pekee aliyemtaka duniani.

Siku ya tatu baada ya kofi, Lucien alisimama sokoni mbele ya meza ya Dorothée, aliyekuwa akiuza samaki wa chumvi wa Kasenyi. Adolphe akatokea, fimbo mkononi. Lucien alitaka kufunga mdomo, akachelewa. Mzee alimshika kidevu, akamvuta mdomo wa chini kwa kidole gumba kama mtu anayenunua mbuzi.

"Nani alikutoa meno?"

Lucien aliwaza kwa muda wa kupepesa jicho.

"Baba."

"Hippolyte? Kwa chuma yake?"

"Kwa chuma yake, muzee."

Adolphe akamwachia kidevu. Uso wake wote ulifunguka, na pengo lake likaonekana, safi, limefungwa na ufizi mgumu wa miaka arobaini.

"Na miye niliambiwa weye ni mvuta bangi! Watu ya Bunia, midomo yao!" Akampiga begani. "Vijana ya leo wanakimbia chuma. Siku yangu miye, sikusema hata 'm'. Mwanaume anayenyamaza chini ya chuma, nyumba yake haitaanguka. Kuja na baba yako siku ya Mungu, tuongee posa."

Mzee alipoondoka, Dorothée alimshika samaki mkia, akamchapa naye Lucien mdomoni. Chumvi ikaingia katika pengo, na kwa mara ya kwanza Lucien akaruka.

"Muongo weye! Baba yako hajakugusa hata ukucha. Mdomo yako unanuka kushinda samaki yangu, na samaki yangu ilikufa siku nane!"

"Dorothée, pole pole, watu wanasikia."

"Wasikie!" Lakini alishusha sauti. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya hasira. "Sikiliza. Uongo nitabeba na weye. Bangi sibebi. Kaka yangu ilimkula, nilimuosha maiti kwa mikono hii. Kutoka leo mpaka siku ya Mungu, hata moshi moja. Ukivuta nitajua, na nitaondoka mbele ya watu wote."

"Naapa kwa mama."

"Usimwite mama. Mama yako alikuwa na meno."

Jioni ile ile Lucien alimweleza baba yake. Hippolyte alikuwa amechimba dhahabu ya wenyewe huko kwenye migodi ya Kilo miaka ishirini na miwili. Alirudi na kikohozi, mkanda mpana wa ngozi, na maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavua mkanda.

Alimpiga mgongoni, mabegani, miguuni. Alimpiga mpaka sufuria zikaanguka na mbuzi wa jirani akakata kamba. Lucien hakuinua mkono.

"Umenitia mimi!" mzee alifoka, kila neno na pigo lake. "Umenitia mimi ndani ya kinywa kilichooza! Chuma ya baba yangu, umeitukana!"

Kikohozi kilimkamata, akaketi. Wote wawili wakahema kama ng'ombe waliopanda mlima. Mwishoni Hippolyte akasema, "Fungua."

Akawasha kibatari, akamulika. Alitazama muda mrefu, na Lucien aliona uso wa baba yake ukizeeka palepale.

"Siwezi kusema uongo mbele ya Adolphe. Lakini ya chini, ya mbele, ni meno manne. Matatu yameanguka. Moja imebaki." Aliligusa, likatikisika. "Hilo nitatoa miye, mbele yao. Nitasema: nilikuja kumaliza. Hapo nitakuwa nimemtoa mwanangu jino, na Mungu atanisamehe hesabu. Sheria unaijua?"

"Kunyamaza."

"Kunyamaza ni ya pili. Ya kwanza ni mate. Kabla ya chuma, mutoto anatema mate, na mate yavuke kidole cha mguu ya baba. Mtu wa woga kinywa chake kinakauka. Kama mate haitoki, chuma haiingii, na mtu yule ni mwoga mpaka kaburi."

"Mate tu?" Lucien akacheka. "Hiyo ni kazi ya mutoto muchanga."

Siku ya kwanza bila bangi aliimba akifyatua matofali. Siku ya pili mdomo uliamka. Meno yote yaliyokuwa yamelala miaka miwili yaliamka kwa pamoja na kudai kilio chao. Magego yalipiga ngoma hadi masikioni. Aling'ata mkono wake mpaka ukatoka damu, ili maumivu yahamie huko. Alivunja mtungi kwa kichwa. Mfyatuaji mwenzake alipomwuliza kama anaumwa, alimtupia tofali bichi kifuani, kisha akalia kama mtoto na kuomba msamaha. Siku ya tatu alitafuta kijiti, akakitafuna, akaanza kusugua. Kila kijiti kilipogusa, palichanika. Alisugua hivyo hivyo. Alitema damu, akatema tena, na katika damu ile mate yalikuwepo, mengi, mazito, yenye uhai. Laiti angeyatazama vizuri.

Asubuhi ya Jumapili, siku ya Mungu, hakuogopa mjomba wala mchumba. Aliogopa sauti yake mwenyewe. Kama kijiti tu kilimtoa machozi, chuma je? Atalia. Atalia mbele ya Dorothée. Kwa hiyo miguu ilimpeleka kwenye tanuru.

"Moshi mbili tu," alimwambia Nicolas. "Za kufunga sauti."

"Mbili ya ndoa," Nicolas akacheka, bado na uvimbe kichwani. "Zawadi yangu!"

Zikawa nne.

Nyumbani kwa Adolphe, mtaa wa Nyakasanza, mkeka ulitandikwa uani. Wazee sita walikaa upande mmoja, wanawake upande wa pili. Dorothée alishika bakuli la maji ya chumvi ya kusukutulia baada ya kazi, kwa kuwa ndiyo kazi ya mchumba. Alimtazama Lucien akiingia, akatazama macho yake mekundu, na vidole vyake vikakaza bakuli.

Hippolyte alisimama. "Meno ya mwanangu hayajaisha. Nimekuja kumaliza mbele yenu, mushuhudie."

Wazee wakapiga makofi. Adolphe alikaribia kuruka kwa furaha. Hippolyte akavua kiatu cha kulia, akaweka mguu mtupu juu ya udongo. Akatoa chuma, kifupi, bapa nchani, cheusi kwa umri.

"Tema."

Lucien alijikusanya. Alivuta mashavu, akazungusha ulimi. Ulimi ulikwangua kaakaa kama jani la mhindi kwenye ukuta. Akatema. Upepo tu.

Mtu mmoja akakohoa.

"Tema, mwanangu."

Akajaribu tena. Kitu cheupe, kizito, kilinata mdomoni na kukataa kuanguka. Alihisi jua likimpiga utosini. Hakuwa na woga, hata chembe. Moyo wake ulikuwa umelala kama paka aliyeshiba. Lakini mdomo wake ulikuwa jivu, na sheria haikuuliza moyo, iliuliza mdomo.

"Mara ya tatu," Adolphe akasema. Furaha ilikuwa imemtoka sautini.

Mara ya tatu ilitoa sauti kama karatasi inayochanwa.

"Haiko na mate," mzee mmoja akanong'ona.

"Ni mwoga!" Adolphe akasimama. "Ameleta woga kwa mkeka yangu! Unyoya ya kuku!"

"Siogopi!" Lucien akanguruma. Akamrukia baba yake, akampokonya chuma. Kabla mtu hajainuka, alikichomeka chini ya jino lile la mwisho, akainua kwa nguvu zote za mikono miwili. Jino likapasuka. Akachomeka tena. Ufizi ulifunguka mpaka mfupani. Nusu ya jino iliruka, ikaanguka mkekani kati ya magoti ya wazee. Damu ikajaa kinywani. Akaitema, ikavuka kidole, ikavuka mguu, ikarukia kanzu ya Adolphe.

"Hiyo hapa! Imevuka! Nani mwoga sasa?"

Alisimama akicheka, kidevu chekundu, bila chozi hata moja. Wanawake walipiga mayowe. Adolphe aliinua fimbo na kumpiga ubavuni, akampiga tena mdomoni, na jino la juu, lililooza pia, likakatika kama chaki.

"Damu kila mnyama iko nayo! Mate, mwoga! Mate!"

Hapo Hippolyte, mtu wa kikohozi, alimshika Adolphe kwa kola, akamwangusha chali, akaweka goti kifuani.

"Mwanangu si mwoga," alisema. Aligeuza uso, akamtazama Lucien, akavuta hewa puani, harufu ile aliyoijua tangu mlangoni. Angeweza kunyamaza. Mwoga angesahauliwa siku moja, labda. Mvuta bangi hapewi msichana wa Adolphe kamwe. Mzee alichagua. "Mwanangu si mwoga. Mwanangu ni mvuta bangi. Ndiyo ilimkausha. Meno ile matatu, si miye nilitoa. Bangi ndiyo ilikula."

Akamwachia Adolphe. Mzee yule alijiinua pole pole, akajipangusa. Alimtazama Hippolyte bila hasira tena, jinsi mtu anavyotazama msiba wa mwenzake.

"Dorothée," akasema, "ingia ndani."

Dorothée hakuingia. Alimwendea Lucien, akaweka bakuli miguuni pake.

"Ile ingine siku tatu," alimwuliza, "haukuvuta?"

"Sikuvuta." Sauti ya Lucien ilikuwa ndogo.

"Ulikuwa na mate?"

Akafikiri. Akakumbuka kijiti, damu, na ule uzito ulimini. "Nilikuwa nayo. Mingi."

Dorothée aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa habari ya marehemu. "Sukutua," akasema. Kisha akapita kati ya wazee, akapita mlangoni, na komeo likasikika likifungwa kwa ndani.

Lucien alipiga magoti, akainua bakuli, akajaza kinywa. Moshi ulikuwa umeanza kumtoka kichwani. Chumvi iliingia katika pengo, katika ufizi uliofunguka, katika jino lililokatika, katika kila shimo la miaka miwili, na alipotema maji yale mekundu alipiga kelele. Kelele ndefu, ya mnyama, iliyovuka ua na barabara na kusimamisha wapita njia.

Nyuma ya mlango hapakutikisika kitu.

Hippolyte alivaa kiatu chake. Akakiokota chuma, akakifuta kwa shati, akakifunga katika kitambaa. Akachutama karibu na mwanawe, akachukua bakuli kwa mikono miwili.

"Tena," akasema.